Gari Lililovuka Chepilat

Arasa aliukunja mkanda wa injini kati ya vidole vyake, na nyufa nyingi zikafunguka juu ya mpira wake, kama kisigino cha mtu aliyelima maisha yake yote bila viatu. Alimpa Rodah aushike mwenyewe, auhisi ulivyokauka, kisha akajifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa na mafuta mengi kuliko mikono yenyewe.

"Pesa yako nimeshachukua, mwalimu," alisema mwishowe, "lakini gari sijakuuzia bado. Si likiwa hivi. Huu ukikatika ukiwa mlimani, vali na pistoni zitagongana, na injini itabaki chuma cha kupimwa kwa kilo. Hapo ni kama una bahati na hakuna lori nyuma yako."

Rodah alifundisha fizikia katika shule ya wasichana karibu na Kapkatet, na hakuhitaji kueleweshwa zaidi. Alijua yanayotokea pale mizunguko miwili inayotegemeana inapoachana ghafla. Asilolijua ni kwamba elimu hiyo hiyo ingeweza kumtisha mtu. Jumamosi iliyotangulia, walipokuwa wakilijaribu gari, yeye ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Alilipandisha mlima wa kuelekea Sotik mguu ukiwa umezama kwenye mafuta, akacheka peke yake kama msichana, huku Arasa ameshikilia mpini wa mlango. Mkanda huu ndio uliokuwa ukizunguka wakati ule anacheka.

Lilikuwa Galant nyekundu ya milango minne, yenye injini ya mbio iliyofichwa ndani ya umbo la gari la karani. Mmiliki wa kwanza alikuwa mhandisi wa mashamba ya chai, mgeni aliyeliendesha kana kwamba barabara zote za Kericho zilitengenezwa kwa ajili yake. Alipomaliza mkataba na kurudi kwao, Arasa, fundi katika karakana ya shamba hilo, alilinunua. Sasa alikuwa akiliuza kwa sababu binti yake Mellen alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi, na gari la kwenda kasi halikuwa na kazi tena nyumbani mwake.

Nyumbani kwao Rodah hakuna aliyeelewa kwa nini mwanamke aliyepita umri wa kuolewa, mwenye chai na ng'ombe wa maziwa, anataka gari la namna ile badala ya pikapu. Hata yeye hakujaribu kuwaeleza. Angewaambia nini? Kwamba alipokuwa mdogo, kila Pasaka, baba yake alimbeba mabegani hadi kando ya barabara kutazama magari ya mashindano yakipita? Alikuwa mtoto mwoga. Aliogopa radi, aliogopa fahali, aliogopa hata kuita jina lake darasani. Lakini yale magari yalipotokea kwenye kona yakiburuta wingu la vumbi jekundu, kitu ndani yake kilisimama wima. Katika miaka yote iliyofuata hakukutana na kitu kingine kilichomfanyia hivyo.

Basi siku ile, uani kwa Arasa, hatua chache tu ng'ambo ya soko la Chepilat lililo mpakani kati ya Wakipsigis na Wakisii, waliketi juu ya vigoda wakapanga matengenezo. Yunia, mke wa Arasa, aliwaletea chai na ndizi za kuchemsha. Mkanda kwanza, Arasa alisema, na pampu ya maji papo hapo, kwa kuwa njia ya kuifikia ni ile ile moja. Kisha rediata izibuliwe. Breki za mbele alikuwa na vipuri vyake. Za nyuma ingebidi waagize Nairobi. Bushi na shokabsoba za kuzuia mitikisiko zingengoja msimu wa kiangazi, na magurudumu baada ya hapo. Rodah aliuliza ni kipi kinaweza kumwua na ni kipi kitamsumbua tu. Arasa alimtazama kwa heshima mpya, akajibu kwamba hilo ndilo swali ambalo mhandisi hakuwahi kuuliza. Walikubaliana kwamba Jumamosi ya wiki ya tatu gari litakuwa tayari, zikibaki breki za nyuma.

Alipokuwa akimsindikiza barabarani, Arasa alimsimulia jambo ambalo Rodah hakuwa ameliuliza. Alikuwa Mkisii aliyeishi zaidi ya nusu ya maisha yake upande wa Wakipsigis, akizungumza lugha yao; alinunua shamba karibu na Sotik na kumzika mama yake humo. Vita vya kikabila vya mwaka wa tisini na mbili vilipozuka, yeye na Yunia walikimbia na mtoto wao na blanketi. Pikapu yake alimwachia jirani amtunzie. Mambo yalipopoa alirudi na askari, akakuta fremu tupu juu ya mawe. Jirani yule alishindwa kumtazama usoni.

"Sikumlaumu," Arasa alisema. "Pengine alitishwa. Lakini tangu hapo, kitu cha mtu kikiwa kwangu, usingizi wangu huwa mwepesi."

Rodah alirudi nyumbani na maneno hayo yakimtuliza, ila utulivu wake haukudumu. Kaka yake, Kipkurui, aliyeishi naye katika boma la wazazi wao, alisikiliza habari zote hadi mwisho, kisha akauliza swali moja: yaani pesa amempa, na gari pia amemwachia? Hakuliuliza kwa ubaya. Alikuwa mtu wa maneno machache, mzee wa kanisa, na mwaka ule wa vita aliona mambo ambayo hajawahi kuyasimulia hata kwa mke wake. Lakini swali lake liliingia kwenye masikio ya Rodah na kukaa humo. Walimu wenzake nao walikuwa na yao. Mmoja alimwambia kwamba ng'ambo ile kitu kikishavuka hakirudi. Mwingine alicheka tu, na kicheko kile kilimuumiza zaidi.

Ikawa kila jioni, akisahihisha mitihani, anajikuta amesimamisha kalamu. Kwanza aliogopa kudanganywa. Kisha akaogopa kwamba yeye ni mtu anayeweza kumwogopa Arasa bila sababu nyingine ila jina lake. Hofu hizo mbili zilikaa kifuani mwake kama wageni wawili wasiosalimiana.

Katika wiki ya tatu, siku ya soko, kukazuka uvumi Chepilat kwamba ng'ombe wa upande huu wameibwa na kupelekwa upande ule. Hakuna aliyejua ng'ombe wa nani. Kabla ya adhuhuri soko lilikuwa limekimbiwa. Wanawake waliacha viazi na mafungu ya ndizi chini na kutawanyika kila mmoja kwao. Kesho yake moshi ulionekana mbali, mwembamba, wima, juu ya vilima vya mpakani. Wachumaji chai walisimama katikati ya mistari, vikapu mgongoni, wakautazama. Shuleni, mkuu aliamuru wasichana waliotoka Nyamira, upande wa Wakisii, wasitoke nje ya lango. Rodah alisimama mbele ya darasa akasahau alichokuwa akifundisha, kwa maana madawati mawili ya mbele yalikuwa na watoto wa Nyamira waliokuwa wamekodoa macho, si ubaoni, bali usoni mwake, wakisoma humo kama wako salama.

Aliwaza gari, akaona haya kuliwaza. Nyumba za watu zinaungua, na yeye anawaza gari. Hata hivyo aliliona kila alipofumba macho: lile umbo jekundu uani kwa Arasa, moto ukilamba magurudumu.

Jumamosi ikafika. Jua lilikuwa limeanza tu kuyapasha majani ya chai, ukungu bado umelala mabondeni, Rodah aliposikia mngurumo kwenye njia ya kuingilia bomani. Aliutambua kabla hajautazama. Ulikuwa umebadilika, ulikuwa laini sasa, sawasawa, kama pumzi ya mtu aliyepona kifua. Galant nyekundu iliingia langoni polepole na kusimama chini ya ukuta wa zizi. Arasa akateremka peke yake. Shati lake lilikuwa limelowa mgongoni ingawa asubuhi ilikuwa ya baridi.

Alimsalimu Rodah, akampa funguo, akaanza kueleza kazi aliyoifanya kana kwamba ni Jumamosi kama nyingine. Mkanda ni mpya. Pampu ni mpya. Breki za mbele zinashika. Za nyuma bado, vipuri havijafika. Akikanyaga, aanze mapema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida.

Rodah alimuuliza kwa nini amekuja, siku kama hii.

"Waliunguza nyumba ya tatu kutoka kwangu," alijibu. "Gari lako likiungua uani kwangu, mwalimu, hata ukisema umenisamehe, nitakuwa mwizi hadi nife. Nilitoka kabla watu hawajaamka. Nilidhani nitarudi vivyo hivyo."

Walikuwa hawajamaliza chai aliyowapa mke wa Kipkurui wakati Kipkurui mwenyewe alipoingia na baiskeli yake, akiisukuma mbio, uso umekuwa wa rangi ya jivu. Alimwona Arasa, akasita. Kisha akamvuta dada yake kando. Vijana walikuwa wamefunga barabara kuu kwenye njia panda kwa magogo. Walikuwa na pinde. Mtu fulani alikuwa amewaambia kwamba alfajiri gari jekundu limepita likiendeshwa na mtu wa ng'ambo, na walikuwa wakiulizana ni boma gani linaloficha maadui. Haingechukua muda mrefu wapate jibu; gari jekundu halikuwa jambo la kawaida katika vilima hivyo.

Arasa aliwasikia, na hakuhitaji kutafsiriwa, Kikipsigis alikijua. Aliweka kikombe chini kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba kingeweza kulia.

"Nitapita chini, katikati ya chai," alisema. "Kwa miguu. Wakija, semeni mmenifukuza. Yunia yuko peke yake, siwezi kukaa."

Ilimpasa Rodah aseme hapana papo hapo. Hakusema. Kimya kilipita, kifupi kwa saa, kirefu kwa watu watatu waliokisikia. Ndani ya kimya hicho alijiona akimwacha aende: mgongo wa shati lililolowa ukipotea kati ya mistari ya kijani, njia ya mguu, mbwa wa kambi za wachumaji, mito miwili. Alijua hatafika. Akajua pia kwamba hakuna atakayemlaumu yeye, na kwamba hapo ndipo hofu ilipokuwa ikimvuta, kwa upole, kama mama anayemrudisha mtoto ndani ya nyumba.

Alipoinua macho aliona Arasa amekisikia kimya kile na amekikubali, na ameshaanza kufunga kamba za viatu.

Rodah akachukua funguo.

Kipkurui alimshika mkono. Alimwambia kwamba amerukwa na akili, kwamba wakimkuta na mtu huyu barabarani hawatamuuliza ni binti wa nani. Rodah alimjibu kwamba hatapita njia kuu. Atakata ndani ya shamba la chai la kampuni, njia za matrekta, atokee upande wa pili karibu na Chepilat. Kaka yake alimtazama kwa muda. Kisha akafanya jambo ambalo Rodah hakulitarajia. Aliigeuza baiskeli yake.

"Basi mimi ninarudi njia panda," alisema. "Nitawaambia nimeliona likielekea Kapkatet." Akatoka langoni bila kuaga, akikanyaga pedali kama mtu aliyechelewa kanisani.

Ndani ya shamba la kampuni kila kitu kilikuwa kimya na safi. Mistari ya chai ilipanda na kushuka kama zulia lililokunjwa, na mikaratusi ilisimama kwenye mipaka ikidondosha umande. Rodah aliendesha polepole, mikono yote miwili kwenye usukani. Arasa alikuwa amekaa mbele. Rodah alimwomba alale kwenye kiti cha nyuma, ajifunike gunia. Alikataa kwa sauti ya chini. Alisema aliwahi kulala chini ya gunia mwaka ule mwingine, na hataki tena kuwa mzigo.

Njiani Arasa alimwambia asikilize injini: ikipiga kelele ya kukereza, hiyo ni beringi ya pampu. Haikupiga. Ilikuwa ajabu, Rodah aliwaza, kwamba kitu pekee kilichokuwa hakiogopi ndani ya gari lile kilikuwa injini.

Mwisho wa shamba njia iliteremka hadi kwenye kalavati, ikajiunga na barabara ya murram, ya changarawe nyekundu. Hapo kulikuwa na gogo. Lilikuwa limelazwa nusu ya njia tu, na wanaume watatu walikuwa wameketi juu yake, pinde magotini, wakila mahindi ya kuchoma. Hapakuwa na nafasi ya kugeuza. Rodah alikanyaga breki mapema kama alivyoagizwa, gari likajivuta, likasimama karibu kuliko alivyotaka.

Mkubwa wao aliinuka. Hakuwa na haraka. Alikuja hadi dirishani kwa Rodah, akamsalimu kwa lugha yao, chamgei, na Rodah akaitikia chamgei mising, sauti ikitoka nyembamba kama ya mtoto anayesoma mbele ya mkaguzi. Akamuuliza atokako. Akamwambia. Akauliza aendako. Rodah akasema kuna mwalimu mwenzake mgonjwa. Mtu yule aliinama akamsalimu na Arasa, na Arasa akaitikia vizuri, kwa lafudhi isiyo na doa, akaongeza hata lile neno la heshima wanaloambiana watu wa rika moja. Yule mtu akatabasamu. Kwa pumzi moja Rodah aliamini kwamba wamepita.

Wa pili ndiye aliyekuja upande wa Arasa na kutazama kwa kituo. Akatazama tena.

"Huyu ni Arasa," alisema, si kwa hasira, bali kama mtu aliyekumbuka jina la njia. "Huyu ni yule wa karakana."

Tabasamu la mkubwa wao lilibaki usoni, ila macho yaliyokuwa nyuma yake yakaondoka. Alisema washuke, wangoje, kuna wenzao wanakuja, wao ndio watakaoamua. Akaingiza mkono dirishani kutafuta funguo. Rodah aliona ule mkono karibu sana: chembe ya hindi kwenye kidole gumba, kovu la zamani, kucha. Ulikuwa mkono wa mtu yeyote. Ungeweza kuwa wa mzazi aliyemletea mtoto shuleni.

"Gia ya kwanza imeshaingia, mwalimu," Arasa alisema kwa sauti ile ile aliyoitumia kueleza rediata.

Rodah akaachia klachi.

Gari liliruka. Mkono ulichomoka dirishani, mtu akapiga yowe, na Galant ikapenya kati ya gogo na mtaro, matawi yakikwaruza ubavu. Rodah alisikia kioo cha nyuma kikipasuka na kumwagika kama chumvi kwenye viti. Hakujua ni jiwe au ni kitu kingine. Alikanyaga mafuta. Injini ile iliyotengenezwa kwa mbio ilifungua koo, ikawatupa mbele kwenye murram kwa nguvu ambayo alikuwa ameiota tangu utotoni, na hakukuwa na furaha yoyote ndani yake. Kulikuwa na upepo uliopita katika uwazi wa nyuma, na sauti ya mtu aliyekuwa akilia kwa kwikwi, ambayo baadaye alitambua ni yake.

Kisha mlima ukaisha na mteremko ukaanza, mrefu, wenye kona, na daraja jembamba chini kabisa. Alikanyaga breki. Zilishika kidogo, kisha kanyagio likaanza kuzama chini ya mguu wake.

"Usizikandamize," Arasa alisema. "Achia. Kanyaga tena. Teremsha gia, ya tatu. Vizuri. Sasa ya pili. Itapiga kelele, iache ipige."

Ilipiga kelele. Gari zima lilitetemeka, pua ikainama, na mkono wa Arasa ukashika breki ya mkono ukaivuta taratibu, kidogo kidogo. Daraja lilikuja, nguzo zake zikapita pande zote mbili karibu kiasi cha kuguswa, likabaki nyuma. Kwenye mpando wa pili gari lilipunguza mwendo lenyewe.

Chepilat palikuwa na lori la askari, na soko tupu. Mafungu ya ndizi yalikuwa yameoza palepale yalipoachwa. Nzi walikuwa ndio wateja pekee. Kiatu kimoja cha mtoto kilikuwa katikati ya barabara. Askari aliwaashiria wasimame, akatazama kioo, akawatazama wao, asijue aanze na swali lipi. Arasa alifungua mlango. Kabla hajashuka alikaa kidogo, mikono juu ya magoti.

"Mkanda usiuwaze tena," alisema. "Huo utakupeleka mbali. Kioo nitakitafuta."

Rodah alitaka kumwomba radhi kwa kile kimya cha asubuhi. Alifungua mdomo, likatoka jambo jingine: amsalimie Mama Mellen. Arasa akaitikia kwa kichwa. Akaanza kulivuka soko, mtu mfupi katika uwanja mpana, akitembea, hakimbii, kwa sababu anayekimbia mahali kama pale hupewa sababu. Rodah alimfuata kwa macho hatua kwa hatua, akingojea mlio wa bunduki. Upande wa pili, kwenye ukuta wa duka lililofungwa, Yunia, kitambaa cha kijani kichwani, alijitokeza akasimama. Hakumkimbilia. Alingoja hadi akamfikia, akamshika mkono wa shati kama mtu anavyomshika ng'ombe aliyepotea, wakaingia pamoja kati ya nyumba.

Rodah alirudi jioni hiyo kwa njia ya Sotik, nyuma ya lori la askari. Nyumbani alimkuta Kipkurui ameketi jikoni, jicho moja limevimba hadi kufumba. Vijana wa njia panda walikuwa wamegundua kwamba hakuna gari lililopita kuelekea Kapkatet. Mke wake alikuwa akimkanda kwa maji ya chumvi. Kipkurui aliuliza tu kama mtu yule alifika, naye Rodah akasema alifika, na Kipkurui akafumba na lile jicho zima.

Siku zilizofuata hazikuwa rahisi. Baadhi ya majirani waliacha kumsalimu. Kwenye kituo cha kuuzia chai, foleni ilinyamaza alipoikaribia, ikaanza kusema tena alipoondoka. Wazee waliitisha kikao, wakamuuliza kwa nini alihatarisha boma zima kwa ajili ya mtu mmoja asiye wao. Alisimama mbele yao, akasema kwamba mtu huyo alikuwa amemletea mali yake. Mzee mmoja aligeuza uso na kutazama nje kwa muda mrefu, na kikao kikaisha bila uamuzi. Gari alilifunika magunia nyuma ya zizi. Kila alipolipita aliona, kati ya magunia, vipande vya kioo bado vinameta kwenye viti, kana kwamba uoga wote aliozaliwa nao ulikuwa umepata mahali pa kukaa.

Moshi uliisha mpakani. Wakuu wa pande zote mbili walikutana, wakapeana mikono mbele ya watu, na baada ya mvua ndefu soko likafunguliwa. Phelis, mwanamke aliyeleta ndizi za jumla hadi Kapkatet, ndiye aliyemletea ujumbe: Arasa anasema vipuri vya nyuma vimefika, na kioo amekipata, si cha rangi ile hasa.

Ilimchukua Rodah siku kadhaa kuondoa yale magunia. Siku ya soko aliamka, akaketi kwenye usukani bila kuwasha kwa muda mrefu, kisha akawasha. Kipkurui alifungua lango bila kuulizwa.

Pale kwenye kalavati hapakuwa na gogo. Alipita polepole, akatazama mbele tu.

Uani kwa Arasa kazi ilichukua asubuhi nzima. Kioo kilikaa. Vipuri vya nyuma vikafungwa. Ikabaki kutoa hewa kwenye mabomba ya mafuta ya breki, kazi isiyofanyika na mtu mmoja. Rodah aliingia ndani ya gari. Arasa akalala chini karibu na gurudumu, miguu tu ikionekana. Alimwambia akanyage, ashikilie, asiachie hadi aambiwe, la sivyo hewa itarudi ndani. Rodah akakanyaga. Chini ya mguu wake alihisi uzito wa mafuta yale ukisimama.

Ghafla, kule sokoni, kitu kikalipuka.

Sauti zote za soko zilikatika mara moja. Yunia alisimama mlangoni na sufuria mkononi, uso wake umekuwa mtupu. Kuku hawakulia. Rodah alitazama njia ya kutokea uani, akapima kwa jicho umbali wa funguo, umbali wa lango, miguu ya mtu iliyokuwa chini ya gari lake. Hakuna kilichosogea.

Kisha mtu alicheka kule mbali, akaita dereva fulani kwa jina la utani. Ulikuwa mlango wa nyuma wa lori la viazi ulioachiwa ukaanguka. Sauti moja ikarudi, ya mwanamke anayetaja bei, halafu nyingine, lakini kwa woga, zikipapasa kama watu wanaorudi ndani ya nyumba gizani. Yunia alitazama sufuria aliyoishika kana kwamba hakumbuki ilitoka wapi.

"Mwalimu," Arasa aliita kutoka chini ya gari. Sauti yake haikuwa imara. "Bado umeshikilia?"

Rodah alitazama mguu wake. Ulikuwa ukitetemeka kuanzia pajani hadi kwenye kisigino, na kanyagio lilikuwa chini kabisa.

"Nimeshikilia," alisema.